Kompyuta Inayougua Leo na Kupona Kesho

Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Voi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wajumbe wa Kasigau na wa Mgange iliwabidi waondoke mapema kuwahi gari, wakaomba wapelekewe.



Tuliombwa tuje kuwaeleza jinsi kikundi chetu kinavyoweka hesabu kwa kompyuta. Tumefikiri, tukaona hesabu ni hesabu, hata kwenye daftari zinawekwa. Afadhali tuwaeleze jinsi kompyuta hiyo ilivyokaribia kutuvunjia kikundi. Vikundi kadhaa hapa mmekwisha kununua kompyuta za mitumba na wengine mko njiani, kwa hivyo haya yatawahusu.

Yetu tuliinunua Mombasa, ikiwa imetumika ng'ambo miaka kadhaa. Ni ya mezani: kuna skrini, kibodi, na lile sanduku ambalo sote hapa huliita CPU. Ofisi hatuna. Kompyuta inakaa nyumbani kwa mama mweka hazina, hapa Voi, kwa sababu kwake kuna stima na mlango wenye kufuli. Kazi yake ni kuandika hesabu za mikopo, barua za kudai fidia ndovu wakiingia shambani, vitabu vidogo vya ratiba ya mazishi, na siku hizi vijana wanakatia video za arusi. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazoingiza pesa.

Miezi ya kwanza ilienda vizuri. Halafu alasiri moja kijana wetu anayechapa aliona mistari ya rangi ikipita kwenye skrini, ya kijani na ya waridi, kama kitambaa kilichofumuka. Kisha ikawa nyeusi tii. Feni ndani inavuma, taa inawaka, lakini picha hakuna. Akaizima, akangoja, akaiwasha. Ikarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku mbili nzima. Siku ya tatu, tena.

Tuliibeba kwa fundi. Ilikaa kwake siku mbili ikifanya kazi bila kukohoa. Tukalipa shilingi 1,000 za kuangaliwa, tukairudisha nyumbani, na jioni hiyo hiyo ikazimika. Mmewahi kumpeleka mtoto hospitali ana homa kali, mkifika mlangoni kwa daktari homa imeshuka na mtoto anacheza? Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta iliyokufa kabisa haina shida, unajua imekufa. Hii inayokufa na kufufuka ndiyo inayogombanisha watu, kwa sababu kila mtu anaona sababu yake mwenyewe. Wazee walisema vijana wanacheza michezo usiku. Vijana walisema wazee walinunua takataka. Mama mmoja aliuliza kama jirani ana jicho.

Ugomvi ulipofika hapo, ikaja Alhamisi moja. Familia moja ilikuwa na mazishi Jumamosi, na kijana alikuwa amekwisha kuandika kitabu chote cha ratiba, maisha ya marehemu, majina ya watoto na wajukuu, picha zikiwa mahali pake. Saa 2 usiku, huku nyuma kompyuta ikiendelea kupanga video ya arusi, skrini ikawa nyeusi. Tuliogopa, tukang'oa waya ukutani. Kumbe kazi ya jioni nzima haikuwa imehifadhiwa. Ikabidi kwenda saiba mjini kesho yake asubuhi na kuandika upya kwa haraka, kwa pesa zetu wenyewe. Na katika haraka hiyo jina la mjukuu mmoja likaachwa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikaa mbele pale kaburini, akasikia ndugu zake wote wakisomwa, yeye hakusomwa. Mama yake hakutugombeza. Alituuliza tu, "Na huyu wangu?"

Tulirudi kwa fundi. Safari hii aliitoa kadi ya picha, akaunganisha skrini kwenye tundu lingine, ikafanya kazi wiki nzima. Akasema: kadi imeharibika, nunueni nyingine, shilingi 9,500. Sandukuni tulikuwa na shilingi 11,200, na pesa hizo zilikuwa zimeahidiwa mwanachama kwa karo ya shule. Tukataka kununua. Aliyetuzuia ni mwenyekiti wetu, mzee ambaye maisha yake alitengeneza mashine za kusaga unga. Alisema, "Mashine inayosimama mara moja moja, usiinunulie kitu mpaka ujue inasimama lini."

Hapa tueleze kidogo hiyo kadi ni kitu gani, ili mafundi wasituzungushe. Kompyuta yenyewe inafanya hesabu; kadi ya picha inazigeuza hesabu hizo kuwa picha na kuzituma kwenye skrini. Kompyuta nyingi za ofisini zina sehemu ya picha iliyojengwa ndani tayari, na tundu lake liko kwenye bodi kuu nyuma ya sanduku, pamoja na matundu ya kibodi. Nyingine zimeongezewa kadi kando kwa ajili ya kazi nzito kama video. Hiyo kadi imechomekwa ndani kwenye bodi, na tundu lake nyuma liko peke yake upande wa chini, kwenye bati refu. Ukitazama waya wa skrini umechomekwa wapi, unajua unatumia ipi. Angalizo: kompyuta nyingi, kadi ikiwa ndani, zinalifunga lile tundu la bodi kuu. Watu huchomeka waya hapo, wanaona giza, wanasema hata huku kumekufa. Lazima kwanza utoe kadi.

Basi tukatundika daftari ukutani kwa kamba. Kila skrini ikizimika, aliyepo anaandika: siku, saa, nani alikuwepo, kazi gani ilikuwa ikifanywa, kitu gani kingine kilikuwa kimewashwa nyumbani. Mwanzoni watu walicheka. Kwa wiki tatu hatukubadilisha kitu chochote.

Tuliposoma daftari tulikuta imezimika mara 14. Asubuhi, hata mara moja. Mara 8 ilikuwa kati ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri. Mara 6 ilikuwa kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Na tukaona jambo lingine, ambalo tulistahili kuliona haya: mara 5 kati ya hizo kijana wetu hakuwepo kabisa, alikuwa kwa shangazi yake Taveta. Wiki zote hizo tulikuwa tumemnyima ufunguo. Mwenyekiti alisimama kwenye mkutano akamwambia, "Mwanangu, tulikukosea." Kijana akajibu, "Hakuna neno, mzee." Lakini lilikuwepo, tulimwona usoni.

Sasa hizo saa mbili. Tulidhani ni ugonjwa mmoja, kumbe ni miwili, na ndiyo maana kila dawa ilionekana imeshindwa.

Ule wa mchana ulikuwa joto. Voi mnaijua. Mchana wa Februari au Machi joto huzidi nyuzi 30 kwenye kivuli, na chini ya mabati ni zaidi. Kadi inayofanya kazi nzito, chipu yake hufika nyuzi 70 au 80 na haidhuriki. Ikikaribia 100 inajipunguzia kasi, au inakatika. Ili isifike huko ina vibati vyembamba vya chuma na feni ndogo ya kuvipuliza. Tulipofungua sanduku hatukuviona vibati. Tuliona tandiko la vumbi jekundu, limeshikana kama blanketi. Ni vumbi hili hili linalofanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu kwenye picha za watalii. Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo, lakini inapuliza ukuta wa udongo.

Kusafisha tulifanya hivi. Zima, ng'oa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Peleka sanduku nje penye kivuli. Kabla ya kugusa cho chote ndani, gusa chuma tupu cha sanduku, kwa maana mwili wa mtu hubeba umeme kidogo usiouhisi ambao unaweza kuua chipu. Tumia brashi laini ya rangi, mpya, kavu. Shika feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Na tafadhali msipeleke kwenye mpira wa kujazia upepo magurudumu pale petroli stesheni. Upepo ule una nguvu kupita kiasi na hutoka na maji. Kisha tukaichomoa kadi, tukasugua polepole kwa raba safi ya penseli yale meno yake ya rangi ya dhahabu, tukayafuta kwa kitambaa kikavu, tukairudisha mpaka ikabana, na skrubu yake tukaikaza kwenye bati. Kadi iliyolegea kwa kurushwarushwa ndani ya matatu kutoka Mombasa nayo huleta mistari ile ile. Na waya wa skrini una vijiskrubu viwili pembeni. Vikazeni, wengi huviacha.

Chini ya vile vibati kuna ute unaopakwa ili joto lipite kutoka kwenye chipu. Miaka ikipita unakauka kama chokaa. Huo tulimwachia fundi auondoe na kupaka mwingine, kwa shilingi 300.

Ninyi wa Wundanyi na Mgange mtasema, sisi vumbi hilo hatuna. Kweli, ninyi mna ukungu. Huko juu adui ni unyevu, meno ya kadi hushika kutu, na kompyuta iliyokaa wiki mbili bila kuwashwa husumbua zaidi kuliko inayowashwa kila siku. Na huku chini kote, angalieni mjusi kafiri. Anapenda joto la ndani ya sanduku, anaingia kwenye mianya ya nyuma, akigusa mahali pawili anakufa yeye na bodi. Msicheke. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ya Kenya ilikosa stima kwa saa tatu na zaidi, kwa sababu tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha umeme cha Gitaru.

Baada ya kusafisha, mchana ukatulia. Wiki mbili hakuna hata alama moja. Lakini jioni ikazimika tena, na wale waliotaka kununua kadi wakasema, si tuliwaambia? Hapa ndipo daftari lilipotusaidia mara ya pili. Jioni hakuna joto. Jioni kuna nini? Daftari linasema: friji imewashwa, televisheni imewashwa, na vijana wako kwenye video. Vyote, pamoja na kompyuta, kwenye ekstensheni moja ya matundu manne, na tundu moja limelegea.

Kadi ya picha ndiyo mlaji mkubwa wa umeme ndani ya sanduku lile. Mahali inapochomekwa pamewekewa kutoa hadi wati 75, na kadi kubwa zaidi huhitaji waya wao wenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, kile chenye feni nyuma kinachopokea volti 240 na kuzishusha. Kisanduku hicho kikizeeka hakifi kwa siku moja. Kazi ikiwa ndogo kinaweza. Kazi ikizidi, na friji ikishtuka kuwaka, umeme unashuka kidogo tu, na kadi ndiyo ya kwanza kukata tamaa.

Sasa angalieni kosa la yule fundi wetu, na hatusemi kwa ubaya, maana hata sisi tungelifanya. Alitoa kadi, kompyuta ikatulia, akasema kadi ndiyo mbovu. Lakini alipotoa kadi alipunguza mzigo. Punda anayechechemea ukimtua gunia akatembea vizuri, huwezi kusema gunia ndilo bovu. Huenda ni mguu.

Kujua tulifanya kwa kuazimana. Kikundi kimoja cha Mwatate kina kompyuta inayofanana na yetu. Tuliwapa kadi yetu, wakaitumia siku kumi kwa kazi zao zote, haikuzimika. Basi kadi haina hatia. Halafu tukaazima kisanduku chao cha umeme, tukakifunga kwenye yetu, siku kumi, kimya. Tukarudisha kile cha zamani: jioni ya pili, giza. Ugonjwa ulikuwa unakifuata kisanduku. Kingine tulikipata kwa shilingi 2,500, na ekstensheni tukaitupa. Friji sasa ina tundu lake ukutani. Katika mambo yote hayo tulibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Tungebadilisha viwili siku moja, hata leo tusingejua. Kuna jambo la kuonya: kisanduku cha umeme msikifungue wenyewe, hata kikiwa kimeng'olewa ukutani. Ndani kinaweza kubaki na umeme wa kuua. Kinabadilishwa kizima.

Kuhusu programu tuseme machache. Kadi huendeshwa na programu yake, wanaiita draiva, nayo ikiharibika picha huchezacheza. Lakini kuna njia rahisi ya kutofautisha: tazama skrini mara tu unapowasha, yale maandishi au ile nembo ya kwanza kabla Windows haijafunguka. Kama mistari iko hapo tayari, si programu, usimlipe mtu kuiweka upya.

Mwanachama mmoja alileta habari kwamba kadi ikitiwa kwenye oveni inapona. Sisi tuna oveni ya mkaa ya mikate, kwa hivyo macho yote yaligeukia huko. Tulikataa. Ni kweli mafundi wengine hupiga chipu kwa upepo wa moto, na ni kweli mara nyingine inaamka. Inaamka kwa sababu kati ya chipu na kadi kuna vitone vidogo sana vya lehemu, na chipu ikipata moto na kupoa kila siku, vitone hupata nyufa zinazofunga na kufunguka. Moto unaziunganisha kidogo, na baada ya wiki au miezi nyufa zinarudi. Jambo hili liliwapata hata wakubwa. Mwezi wa Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani, ambayo ni watengenezaji wakubwa wa chipu hizi, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mapajani zilizokuwa zikiharibika kwa namna hiyo, na mwaka huo huo Apple ikakubali kuwatengenezea bure wateja wake walioathirika. Kwa hivyo kadi nayo inaweza kuwa na hatia, hatukatai. Ila kompyuta ya mitumba ya miaka ile, msiuziwe kwa maneno kwamba "imepigwa blowa, sasa ni mpya." Na oveni ya mikate ni ya mikate, lehemu ya zamani ina risasi ndani yake.

Tumeacha nyuma ile Alhamisi usiku. Skrini ikiwa nyeusi, msing'oe waya kama tulivyofanya. Bonyezeni kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi, Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, basi mara nyingi kompyuta iko hai, imekosa macho tu. Kama kazi uliyokuwa ukiandika ilikwisha kupewa jina, na ndiyo iliyokuwa mbele yako, shika Ctrl na S kwa pamoja, ngoja kidogo, na itajihifadhi gizani. Tulijifunza hilo baada ya mazishi. Siku hizi kijana anaipa kazi jina kabla ya kuandika hata neno la kwanza, na kila jioni inanakiliwa kwenye flashi inayolala nyumba nyingine.

Kile kitabu cha ratiba tulikichapa tena, na jina la yule mtoto likiwa mahali pake, tukawapelekea nakala ishirini bila malipo. Mama yake alipokea, akatafuta ukurasa, akamwita mtoto aje kusoma.

Karo ya mwanachama ilitolewa wiki ya pili. Daftari liko hapa mezani, anayetaka alitazame. Kuna kurasa ambazo mwandiko ni mbaya kwa sababu ziliandikwa kwa tochi. Maswali tutayapokea baada ya chai. Na yule aliyeazima bisibisi yetu ya nyota asubuhi, tafadhali airudishe kwa mama mweka hazina kabla hamjaondoka.